Farasi Aliyetoka Mbioni Haelewani na Mpandaji: Tafuta Chanzo Hapa

Farasi wengi wa kupandwa utakaowakuta Karen, Naivasha, Gilgil au Nanyuki nchini Kenya walizaliwa kwa ajili ya mbio. Walianza kufundishwa wakiwa na umri wa karibu miaka miwili, wakakimbia katika uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, na siku walipoacha kuleta ushindi wakauzwa au wakatolewa bure kwa shule za kupanda farasi, wacheza polo na familia zenye watoto. Ni Thoroughbred, aina ya farasi wanaozalishwa kwa mbio: ngozi nyembamba, damu moto, wepesi wa kujifunza. Farasi wa namna hii akiachana na mbio akiwa na miaka mitano, bado ana miaka kumi na zaidi ya kufanya kazi vizuri na mtu. Ila wengi huharibiwa katika miezi ya mwanzo. Mpandaji anamwomba jambo kwa ishara ambazo kwenye mbio zilikuwa na maana nyingine kabisa, farasi anajibu kama alivyofundishwa, kisha anachapwa kwa kujibu.

Haya nimeyaandika kwa ajili ya saisi (mtunza farasi), mwalimu na mpandaji wanaohangaika na farasi kama huyo. Nimeyapanga kwa dalili, na katika kila dalili nafuata mpangilio mmoja: kwanza mwili wa farasi, halafu vifaa, halafu mwili wa mpandaji, mwisho kabisa mafunzo. Sikubali mpangilio huo upinduliwe. Ukianza na mafunzo wakati mgongo unauma, unamfundisha farasi kwamba hata akisema hasikilizwi, na farasi aliyekwisha kujifunza hilo huanza kusema kwa mateke.

Kabla ya dalili yoyote

Mpime akiwa ametulia bandani. Joto la mwili liwe kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16. Mapigo utayapata kwenye mshipa unaopita chini ya taya. Kisha pitisha kiganja mgongoni, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ukikandamiza kiasi pande zote mbili za uti wa mgongo. Mwenye mgongo mzima hatajali sana. Mwenye maumivu atadidimia chini ya mkono wako, atapiga mkia, atageuza shingo kukutazama au atasogea pembeni. Rudia. Akiitikia vilevile mahali palepale kila mara, usimtandike siku hiyo.

Halafu mtu amwongoze kwa troti, mwendo wa kudunda ulio kati ya kutembea na kukimbia, kwenye ardhi ngumu, mstari ulionyooka, kamba ikiwa imelegea. Wewe simama mbele, utazame kichwa. Mguu wa mbele unaouma unapotua, kichwa hupanda. Mguu mzima unapotua, kichwa hushuka. Kwa miguu ya nyuma simama nyuma yake utazame nyonga: upande wenye maumivu hupanda na kushuka zaidi ya mwenzake. Wapandaji wengi hawakijui kipimo hiki cha dakika mbili, wakati kingewaokolea miezi ya ugomvi.

Na umsikilize saisi. Yeye ndiye anayemlisha alfajiri, anayeokota kinyesi chake, anayejua kama usiku alilala au alizungukazunguka bandani. Saisi akisema farasi hayuko sawa leo, huo ni uchunguzi, tena mara nyingi ni wa mapema kuliko wa daktari. Zizi ambalo saisi anaogopa kusema neno mbele ya mwenye farasi ni zizi ambalo farasi wataumia.

Mwaka 2018 daktari wa farasi Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za kutazama farasi anapopandwa: masikio kulazwa nyuma kwa muda mrefu, mdomo kufunguka mara kwa mara, ulimi kutoka nje, mkia kupigwapigwa, kubadili mwendo bila kuombwa, kugoma kwenda mbele, na nyinginezo. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ana maumivu ya misuli, viungo au mifupa. Ukitazama vizuri, nyingi kati ya tabia hizo ndizo zilezile tunazomwitia farasi mkaidi.

Hakai tuli unapotaka kumpanda

Mguu wako haujaingia vizuri kwenye kikuku, pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko, naye ameshaondoka. Kwa farasi wa mbio hili lina historia. Joki, mpandaji wa mbio, hapandi kwa kikuku; saisi humshika mguu na kumrusha juu ya tandiko, mara nyingi farasi akiwa anatembea. Kwa farasi huyo, mtu kukaa mgongoni na safari kuanza ni tendo moja. Hajaasi.

Lakini usiridhike na historia peke yake. Mpeleke kando ya kigoda cha kupandia bila tandiko, upande juu ya kigoda, umpapase mgongo, uegemeze kifua kidogo juu yake. Akitulia bila tandiko na kuhangaika akiwa nalo, tatizo ni tandiko au mgongo chini ya tandiko. Akihangaika hali zote mbili, uwezekano wa mazoea ni mkubwa zaidi.

Tazama pia anayepanda. Kupanda kutoka chini kila siku, upande uleule wa kushoto, kunalivuta tandiko na kuusokota mgongo. Ncha ya kiatu inamchoma ubavuni. Mtu anajibwaga kitako kwa uzito wake wote. Tumia kigoda, shika manyoya ya shingo badala ya nyuma ya tandiko, kaa taratibu.

Kumfundisha kutulia ni kazi ya siku chache ukiwa na subira. Msimamishe kando ya kigoda, panda kigoda, shuka, mwondoe. Kesho weka mguu kwenye kikuku, toa. Akisogea, usimvute kwa hasira. Mrudishe palepale aliposimama na uanze upya kwa sauti ileile. Siku utakayokaa juu, usiondoke. Vuta pumzi mara kadhaa, mkune penye mabega, mpe konzi ya nyasi kutoka mkononi mwa saisi. Ajue kwamba mtu akishapanda, kinachofuata ni utulivu.

Anakunja masikio au anauma unapofunga mkanda wa tumbo

Hapa mimi hushuku tumbo kabla ya kushuku tabia. Tumbo la farasi hutengeneza tindikali saa zote, awe anakula au hali. Kinachoituliza ni mate, na mate ya farasi hutoka anapotafuna. Farasi wa porini anatafuna sehemu kubwa ya usiku na mchana. Farasi wa mbio hufungiwa bandani, anapewa nafaka nyingi na nyasi kidogo, kisha anakimbizwa tumbo likiwa tupu, tindikali ikirushwa hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Uchunguzi wa nchi nyingi umekuta vidonda vya tumbo kwa zaidi ya nusu ya farasi walio kwenye mazoezi ya mbio. Anapokuja kwako, vidonda anakuja navyo.

Dalili nyingine zinazoandamana na hii: anaacha nafaka lakini anakula nyasi, anakonda ingawa analishwa, manyoya hayang'ai, anasaga meno. Uhakika hupatikana kwa daktari kupitisha kamera ndefu hadi tumboni, na dawa ya omeprazole, ya kupunguza tindikali, ni ya kuandikiwa naye. Yako wewe ni chakula. Nyasi kavu zisipungue asilimia 1.5 ya uzito wa farasi kwa siku. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo 7, na 9 ni bora zaidi. Punguza nafaka taratibu kwa majuma kadhaa. Nusu saa kabla ya kumpanda mpe nyasi, au alfalfa ukiwa nayo, ili tindikali ikute kitu juu yake. Nimeona walimu wakilisha farasi wao baada ya kazi tu, wakiamini tumbo tupu ni jepesi. Kwa farasi, tumbo tupu linachoma.

Mkanda wenyewe uukague: mishono iliyokauka jasho, ngozi iliyopasuka, uchafu uliogandamana nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ufunge kwa awamu tatu, tundu moja moja, ukimtembeza katikati.

Ukivuta, anazidi kwenda

Hili ndilo linalowatisha watu zaidi, na ndilo lenye mengi ya kueleza.

Kwenye mbio, joki husimama juu ya vikuku vifupi, mwili ameuinamisha mbele, na vigwe, kamba za kumwongozea farasi, amevishika imara. Farasi anaegemea lijamu, chuma kinachokaa mdomoni mwake, na katika kuegemea huko anapata mwendo wake. Joki akikaza mikono, farasi anakaza shingo na kusukuma. Hivyo ndivyo alivyofunzwa: mkono mzito maana yake twende.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyeogopa. Mwili unainama mbele, kwa sababu mwoga hujikunja. Visigino vinapanda, mashavu ya miguu yanabana mbavu, pumzi inakatika, mikono inavuta vigwe vyote viwili kwa pamoja bila kuachia. Kila kimoja kati ya hivyo, kwa farasi huyu, ni ombi la kasi. Anatii. Mpandaji anaogopa zaidi, anabana zaidi, anavuta zaidi. Farasi anatii zaidi. Wawili hao hawagombani hata kidogo. Kila mmoja anafanya kwa bidii kile anachoamini anaombwa, na ndiyo maana adhabu haisaidii kitu hapa.

Kabla ya kufundisha, ondoa maumivu kwenye hesabu. Kuna farasi wanaokimbia maumivu ya mgongo, kila hatua tandiko likiwachoma. Mkague meno pia, nitayaeleza chini. Ukishajiridhisha, usikimbilie lijamu kali. Lijamu jembamba au lenye wenzo litamsimamisha leo kwa kumuumiza, na baada ya mwezi mdomo utakuwa umekufa ganzi, nawe utatafuta kali zaidi. Nenda kinyume: lijamu laini, lisilo jembamba, linalokaa vizuri mdomoni.

Anza chini, bila mtu mgongoni. Mzungushe kwa kamba ndefu, umfundishe sauti mbili tu: moja ya kupunguza, ndefu na ya chini, na moja ya kwenda. Akipunguza hata hatua moja, legeza kamba papo hapo. Farasi hajifunzi kutokana na kubanwa; anajifunza kutokana na kuachiwa. Anachokifanya sekunde ile uliyoachia ndicho anachokiandika akilini. Ukichelewa kuachia, umemfundisha kitu kingine.

Akishaijua sauti, mpande kwa mwendo wa kutembea. Toa pumzi nje yote, kaa chini ndani ya tandiko, nyonga ziache kumfuata, sema ile sauti, kisha ubane vidole kwenye kigwe kimoja na kuachia, bana na achia, kama mtu anayekamua sifongo. Usivute mkono kurudi nyuma. Akisimama, vigwe vilegee kabisa. Fanya kutembea na kusimama, kutembea na kusimama, mpaka asimame kwa pumzi na kikao tu. Ndipo uende troti. Kenta, mwendo wa kasi zaidi ya troti, isubiri majuma, pengine miezi, na ikija ije kwenye duara kubwa, siyo uwandani mstari mnyoofu ambapo mwili wake wote unakumbuka Ngong.

Akikuponyoka tayari, usimng'ang'anie kwa mikono miwili, na usimgeuze kichwa ghafla akiwa kwenye kasi, maana ataanguka na wewe. Kaa wima, sukuma visigino chini, muongoze kwenye duara pana, kisha upunguze duara kidogo kidogo. Vuta na uachie, kigwe kimoja. Sema naye.

Wasomaji wa Oman wanajua kwamba kasi na utulivu vinaweza kukaa pamoja. Katika ardha, maonyesho ya jadi ya farasi, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi usioshikika, farasi wawili hukimbia bega kwa bega na waliowapanda huwa wameshikana. Farasi mmoja akipita mwenzake, mikono inaachana. Farasi hao wanakwenda mbio na bado wanasikiliza.

Anatupa kichwa, anafungua mdomo, anapiga nyundo kwenye lijamu

Meno kwanza. Taya la juu la farasi ni pana kuliko la chini, na meno yake huendelea kusukumwa nje kwa miaka mingi huku yakisuguana. Matokeo yake, kingo za nje za magego ya juu huwa kali na kuchana mashavu, na kingo za ndani za magego ya chini huchana ulimi. Lijamu na mikanda ya kichwani vinapobana shavu dhidi ya ncha hizo, farasi anatupa kichwa, nawe ungefanya vivyo hivyo. Meno yakaguliwe na kusawazishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12. Muulize daktari pia kuhusu kile kijino kidogo kinachoota mbele ya magego, ambacho lijamu hukigonga.

Mkanda wa pua: vidole viwili vya mtu mzima vipite chini yake, juu ya mfupa wa pua, siyo pembeni kwenye nyama ambako hupita hata ukiwa umekazwa. Kuufunga mdomo usifunguke ni kunyamazisha dalili.

Kisha mikono. Mpandaji anayedunda kwenye troti hujishikilia kwa vigwe bila kujua, na kila mdundo unafika kwenye ufizi usio na meno, mahali lijamu linapokaa, ambapo ngozi ni nyembamba juu ya mfupa. Kipimo ni rahisi: apandwe na mwalimu mwenye mkono mtulivu. Kichwa kikitulia chini yake, umepata jibu. Kikiendelea kurushwa hata bila lijamu, akiwa na kamba ya kichwani tu, tafuta nzi, masikio, au neva za uso, na hapo ni kazi ya daktari.

Amekuwa mvivu ghafla, au kila siku anahitaji kuchapwa

Gawa mambo mawili. Uvivu wa ghafla kwa farasi aliyekuwa mwepesi ni ugonjwa mpaka ithibitike vingine. Afrika Mashariki tuna kupe, na homa ya kupe humshusha farasi kimyakimya: joto linapanda hadi 40 au zaidi, ufizi unakuwa mweupe au wa njano, mkojo unaweza kugeuka mwekundu. Tuna pia ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaosambazwa na usubi wanaouma kuanzia jioni hadi alfajiri. Homa, pumzi za shida, au kuvimba kwa mashimo yaliyo juu ya macho, ni dharura, usisubiri kesho. Chanjo ya kila mwaka na kuwaingiza farasi bandani kabla jua halijatua ni sehemu ya mafunzo kama kitu kingine chochote, maana mgonjwa hafundishiki.

Uvivu wa kila siku ni habari nyingine. Mara nyingi mguu wa mpandaji unagonga mbavu kila hatua, tap, tap, tap, mpaka farasi ameacha kuusikia. Na wakati huohuo mkono umeshika. Gesi na breki kwa pamoja. Miguu itulie kabisa. Omba mara moja kwa mguso mwepesi wa shavu la mguu. Asipojibu, omba kwa nguvu zaidi mara moja, na akienda, mikono iachie na miguu inyamaze. Kumbuka vilevile kwamba farasi wa mbio hakufundishwa mguu wa mpandaji kama wengine. Miguu ya joki iko juu karibu na mabega. Kuna wanaoshtuka wakiguswa ubavuni na wengine wasioelewa kabisa. Tumia sauti aliyojifunza kwenye kamba ndefu pamoja na mguu, mpaka mguu peke yake utoshe.

Uzito nao useme. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Kwa kilo 450 ni kilo 90. Kwa farasi aliyetoka mbioni juzi, ambaye mgongo wake haujazoea mtu kukaa kitako, mimi hushauri kubaki karibu na 15.

Anapinda upande mmoja, au anakubali kenta ya upande mmoja tu

Farasi wote wana upande wanaoupenda, na uwanja wa mbio una upande wake mmoja wa kuzunguka, kwa hiyo misuli haijajengwa sawa. Lakini tofauti kubwa inahitaji kuchunguzwa. Mzungushe pande zote mbili kwa kamba, bila mtu. Akiwa sawa bila mtu na kupinda akiwa na mtu, mchunguze mtu: piga picha ya video kutoka nyuma, utazame kama bega moja limeshuka, kama nyonga imekaa pembeni ya tandiko, kama kikuku kimoja kimenyooka kuliko kingine. Ngozi za vikuku pia hurefuka, hasa ya kikuku cha kushoto kinachopandiwa kila siku. Zipime sambamba na uzibadilishane.

Tandiko lisome kwa jasho. Ukilivua baada ya kazi, pakavu palipozungukwa na jasho ni mahali panapobanwa mno. Manyoya meupe yaliyoota penye mabega ni kovu la tandiko la zamani. Nyuma, tandiko lisipite ubavu wa mwisho, wa 18. Farasi aliyeacha mbio hubadilika umbo kabisa katika mwaka wa kwanza, hivyo tandiko lililomkaa Januari linaweza kumuumiza Juni. Kwato zake zikatwe kila baada ya majuma 6 hadi 8; fundi wa kwato akichelewa, kwato hurefuka mbele na mwendo wote huharibika.

Anashtuka kwa kila kitu

Mfuko wa plastiki, ngiri, bodaboda inayotokea nyuma. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Kutoka juani kuingia penye giza, macho yake huchelewa kuzoea kuliko yetu. Mpe muda kwenye mlango wa banda na chini ya miti.

Farasi akianza kushtuka mahali ambapo hakuwa akishtuka, mpime macho. Vinginevyo jitazame. Nchini Uswidi, Linda Keeling na wenzake walichapisha mwaka 2009 jaribio zuri sana: waliwaambia watu wanaoongoza au kupanda farasi kwamba safari hii mwavuli utafunguliwa mbele yao. Haukufunguliwa. Mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia, ingawa farasi hakuwa na habari yoyote ya mwavuli isipokuwa aliyoipata kwa mtu wake.

Kwa hiyo ukiona mfuko wa plastiki mbali, usikaze vigwe. Tazama ng'ambo ya mfuko, unakotaka kwenda. Toa pumzi. Mruhusu asimame autazame, kisha umwombe hatua moja, umsifu, umwombe nyingine. Kumlazimisha aubandike uso wake kwenye kitu anachokiogopa kunamthibitishia kwamba palikuwa na hatari. Farasi mkomavu, aliyetulia, akitangulia mbele, anafundisha zaidi kuliko mwalimu yeyote.

Hataki kuacha wenzake

Farasi ni mnyama wa kundi, na peke yake porini maana yake ni kuliwa. Toka naye hatua chache, rudi kabla hajapandisha wasiwasi, kesho ongeza kidogo. Kazi ngumu ifanyike karibu na nyumbani na mapumziko yawe mbali, ili kule mbali kuwe mahali pazuri. Kama amefungiwa bandani saa ishirini kwa siku na kuona wenzake wakati wa kupandwa tu, mtoe malishoni na wenzake kwanza. Hakuna zoezi litakalofidia hilo.

Farasi ni mzima, vifaa viko sawa, mpandaji bado anahangaika

Mnyang'anye vigwe. Mwalimu amshike farasi kwa kamba ndefu kwenye duara, mpandaji akae bila vigwe, na baadaye bila vikuku. Anyooshe mikono pembeni, aizungushe, afumbe macho wakati wa kutembea na ataje mguu gani wa nyuma unatua. Robo saa kama hii, mara mbili kwa juma, itampa kikao kisichotegemea mikono. Walimu wengi huruka hatua hii kwa sababu mwanafunzi amelipia kukimbia. Farasi ndiye anayelipa tofauti, kwa mdomo na mgongo wake.

Farasi atayasoma yote ya mwili wako, hata usiyoyajua mwenyewe. Mapema karne ya 20, Berlin, farasi aliyeitwa Hans alijulikana kwa kujibu hesabu kwa kugonga kwato, mpaka Oskar Pfungst alipoonyesha, mwaka 1907, kwamba alikuwa akisoma miondoko midogo sana ya mwili na kichwa cha anayemuuliza, miondoko ambayo muulizaji hakujua anaifanya. Hans hakujua kujumlisha, lakini alijua watu.

Wasipopatana kabisa

Kuna wawili wazuri wasiofaana. Mpandaji mpya mwenye hofu na farasi aliyetoka mbioni miezi mitatu iliyopita hawapaswi kuwekwa pamoja, hata kama farasi ni mzuri na bei ni nafuu. Mpe mpandaji farasi mzee, mtulivu, anayesamehe. Mpe farasi mpandaji mwenye kikao na mikono. Baada ya mwaka wajaribishwe tena, kwa kutembea, mwalimu akiwa kando na kamba mkononi. Mzazi atakayenung'unika kwamba farasi amenunuliwa ilhali mtoto hampandi, aelezwe wazi kwamba mtoto anaweza kumpiga brashi, kumwongoza, kumlisha na kumsafisha kwato kila siku huo mwaka wote, na kwamba siku atakayopanda, farasi atakuwa anamjua.